Chapa ya Mzee Ndahani

Mzee Ndahani aliapa kwamba bintiye Mbeleje hataolewa na Mnyaga wa ranchi ya jirani, maana familia hizo zilikuwa zikigombania malisho tangu enzi za mababu. Mbeleje, ambaye hakumtaka mwanamume mwingine, hakubisha. Asubuhi moja alimkimbilia baba yake akihema.

"Baba, mitamba wa Mnyaga wameingia kwenye malisho yetu!"

"Waswageni wote zizini. Harudi hata mmoja!"

"Atakuja kusema ni wake, baba. Si uwapige chapa yetu?"

Mzee alicheka kwa raha. Akaita majirani washuhudie, akatia chuma motoni, akawapiga mitamba wote chapa.

Kabla chuma hakijapoa, Mnyaga akafika na wajomba zake, wamevalia kisherehe.

"Umefuata ng'ombe?" Mzee alimkejeli.

"La, baba. Nimefuata mke. Mahari umeshaipokea."

"Mahari gani, wewe?"

"Majirani hawa wamekuona ukiipiga chapa," Mnyaga alisema kwa adabu. "Kama si mahari, basi ni wizi. Chagua mwenyewe, baba."

Mzee aliwatazama majirani. Hakuna aliyekwepesha macho.

"Mbeleje," aliita kinyonge, "watolee wakwe zangu viti."

"Nimevitoa tangu alfajiri, baba."