Msemaji wa Mwenyekiti Nyani

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye ulimi!
Niwape ya kweli au ya uongo?
— Yoyote, bora iwe tamu!

Haya. Ukame uliua wazazi wengi porini. Wanyama wakaunda chama cha kulea yatima, wakamchagua Nyani awe mwenyekiti, kwa sababu ana nguvu na sauti yake inafika mbali. Tembo wa milimani wakawa wanaleta viazi na ndizi. Chakula kikafika kwa Nyani, kikaishia kwa Nyani.

Kwa wanachama alisema, "Tembo hawajaleta kitu."

Kwa Tembo alisema, "Watoto wanashiba hadi wanasaza."

Kobe akaomba aongee na Tembo. Nyani akamzaba kofi, paa! "Useme nini? Nitawasemea mimi!"

Pimbi ndiye aliyewalea wale watoto. Asubuhi moja mtoto wa swala alishindwa kusimama. Pimbi akaenda kwa mwenyekiti, na pango zima likamnukia ndizi mbivu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nakuonea huruma. Kesho Tembo wanakuja, nawe utajisemea mwenyewe kama mtu mdogo!"

"Kwani wakubwa hufanyaje?"

"Wakubwa hawasemi. Wanakaa kitini, wanaitikia kwa kichwa. Anasema msemaji."

Nyani akavimba kifua. "Basi utanisemea wewe. Mazuri tu!"

"Mazuri tu, Mwenyekiti."

Kesho yake Tembo wakaja, di! di! di! Pimbi akapanda jiwe.

"Mwenyekiti anasema karibuni."

Nyani akaitikia kwa kichwa.

"Mwenyekiti anasema anawapenda yatima kuliko tumbo lake."

Nyani akaitikia kwa kichwa.

"Mwenyekiti anasema chakula chenu amekitunza pangoni kwake, na leo watoto waingie wale."

Nyani akatoa macho, akafungua kinywa. Pimbi akamnong'oneza, "Wakubwa hawasemi." Kinywa kikajifunga, kap!

"Ndivyo, Mwenyekiti?" akauliza Bibi Tembo.

Akatae? Ataulizwa chakula kiko wapi. Nyani akaitikia, polepole, shingo kama mti mkavu. Watoto wakaingia mbio, nyam nyam nyam! Pimbi akambeba yule mtoto wa swala, akamlisha kwa mkono.

Bibi Tembo akawatazama mbavu zao. Akamgeukia Kobe. "Muda wote huu hamkutuambia?"

"Hamkutuuliza, Bibi. Mlimuuliza yeye tu."

Masikio ya Bibi Tembo yakaacha kupepea.

"Ni kweli," akasema. "Na majibu yake yalinifurahisha, nikarudi nyumbani nikalala."

Tangu siku ile Tembo wakija hupita kwanza kwa watoto, wakakaa nao chini, wakawasikiliza hata wanaoongea taratibu. Nyani alihamia bonde la pili. Nasikia huko nako wanatafuta mwenyekiti mwenye sauti.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe.

Na funzo lake? Enyi mtakaokuwa viongozi, shikeni hili: msiwe na msemaji. Mtajikuta mmefanya mema bila kukusudia.