Kitovu cha Zimwi la Meli

Haya, tulieni, mwenye kelele atasimulia yeye. Nije nisije? Njoo!

Zamani Zimwi jeupe lilishuka na meli kwenye kisiwa cha karafuu. Likaomba kakiwanja ka kulala tu, likapewa. Kumbe linajenga ngome! Likatangaza: "Karafuu mnaniuzia mimi peke yangu."

Kule mtoto akizaliwa, kitovu chake kinazikwa chini ya mkarafuu. Mti ukikatwa, mwenyewe anakufa.

Makame akawauzia wengine. Zimwi likakata mkarafuu wake, chwaa! Makame chini, damu puani. Subira naye akauza, chwaa! Kijiji kizima kikauza, chwaa, chwaa, chwaa, mpaka mchanga ukawa mwekundu.

Zamu ikafika kwa binti wa Mize, aliyeuza pishi moja tu. Zimwi likainua shoka. Mize akasimama mbele ya mti.

"Bwana mkubwa, unakata miti ya wenyeji, wewe ni nani hapa?"

"Mwenye kisiwa!"

"Mwenye kisiwa gani hana kitovu hapa? Mpita njia tu wewe."

Zimwi likapandwa na hasira. Likatupa shoka, likachomoa kisu, likajikata kitovu chake na kukizika chini ya mkarafuu mnene kuliko yote.

"Haya, sasa?"

Mize keshaokota shoka. Chwaa! Zimwi likapiga magoti. Chwaa! Ngome ikapasuka. Chwaa! Tumbo likafumuka, karafuu na mifupa ya watu vikamwagika mpaka baharini.

Kisiki kipo hadi leo, watoto wanakikojolea. Yangu yameishia hapo, aliyelala shauri yake.