Msalaba Usiooza

Mama mmoja alikuwa na wana wawili, Mbonea na Eliringia, na kijiji chao cha milimani kilikuwa na msalaba juu ya kilima. Ulikuwa wa mti, mkubwa, unaoonekana tangu bondeni. Wazee waliousimamisha mara ya kwanza walitumia gogo la mkaratusi, na waliofuata wakafanya vivyo hivyo. Mchwa nao hawakulala. Kila baada ya miaka kadhaa shina lililiwa, upepo ukavuma, msalaba ukaanguka. Ndipo kijiji kizima kilipokata gogo jingine na kulipandisha kilimani kwa mabega.

Kubeba huko kulikuwa na utaratibu wake. Watu walipangwa wawili wawili kwa kimo, kwa maana ukimweka mrefu na mfupi chini ya gogo moja, mzigo wote humwelemea mmoja. Hukuchagua mwenzako, kimo chako kilikuchagulia. Tena ilikuwa mwiko kuweka bega ikiwa umenuniana na uliyepangwa naye, kwa sababu kwenye mteremko mtu asiyemsubiri mwenzake huwaangushia gogo wote walio nyuma. Kwa hiyo kabla ya kubeba, watu walikaa chini ya kilima wakasemezana. Mipaka ya mashamba ilirudishwa, matusi yaliombewa radhi. Wengine walipatana shingo upande, lakini walipatana, na walipofika juu walikuwa wamechoka mno kuanza ugomvi upya.

Mbonea na Eliringia walikuwa wa kimo kimoja, na tangu ujana wao walibeba pamoja upande wa shina, kwenye uzito. Kisha wakagombana juu ya zamu ya maji ya mfereji. Mmoja aliziba, mwingine akazibua, mmoja akatamka neno juu ya mke wa mwenzake, na neno likishatoka halirudi. Wakaacha kusalimiana. Mama yao, Nakijwa, aliwasihi mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akawa kila asubuhi anatoka uani na kutazama kilimani. Majirani walisema mama yule anasali. Ni kweli alikuwa anasali, ila alichoomba ni kwamba mchwa waharakishe.

Msalaba ulipoanza kuinama, moyo wake ulifurahi, akasaga unga wa uji wa wabebaji. Lakini safari hiyo viongozi wa kanisa walisema ni aibu msalaba kuangushwa na wadudu. Wakataka wa chuma na zege, wa kudumu. Nani angepinga jambo jema kama hilo? Michango ikaitishwa, na hapo ndugu wale wawili wakashindana. Mbonea alipoleta saruji, Eliringia alileta nondo. Huyu akiongeza, yule anazidisha. Barabara ikachongwa, lori likapandisha kila kitu. Hakuna aliyeweka bega. Majina ya ndugu hao yakachorwa kwenye kitako cha msalaba, moja kushoto, moja kulia.

Siku ya kuuzindua kwaya ziliimba, vigelegele vikapigwa, wageni wakala wakashiba. Nakijwa alipelekwa juu kwa gari, maana miguu ilikuwa haimbebi tena. Aliupapasa msalaba ule, akaukuta baridi na laini, hauna hata tundu. Akamgeukia fundi aliyeujenga.

"Mwanangu," akamwuliza, "huu utaoza lini?"

Watu waliangua kicheko. Fundi naye akacheka, akamhakikishia kwamba hauozi kamwe, hata wajukuu wa wajukuu wake wataukuta pale pale. Alidhani anampa habari njema.

Nakijwa alikufa msimu wa mvua uliofuata. Wanawe walilibeba jeneza lake, lakini hawakukubali kukaa bega kwa bega. Mmoja alishika mbele, mwingine nyuma, kila mmoja na mwenzake mfupi, na jeneza likaenda limelala upande hadi makaburini. Inaniuma kulisema hili. Mama aliyezaa wana wa kimo kimoja alizikwa akiwa ameinamishwa, na pale juu msalaba umenyooka wima.

Ndugu zangu, siusemi vibaya msalaba ule. Unapendeza, na magari yanayopita barabara kuu huupunguzia mwendo. Lakini njia ya miguu ya kupandia kilimani imeota magugu, na pale chini walipokuwa wakisemezana hakai mtu. Mbonea na Eliringia sasa ni wazee. Wakikutana njiani, kila mmoja hushika ukingo wake.

Wewe je, ambaye msalaba wako hauhitaji tena bega lako, yule wa kimo chako umemwacha wapi?