Mkono wa Mzee Nyani

Sogeeni. Neno ninalowaambia ni siri ya nyumba ya watu. Kila mtu ashike sikio lake aape: halitoki hapa. Mmeapa? Vizuri. Nami niliapa hivyo hivyo mbele ya mwenye siri, na sasa nalitoa, maana tangu asubuhi linanisonga kama mhogo mkavu.

Paukwa!
Pakawa!
Chungu kikatelekwa?
Mwenyewe akakipakua!
Na asiye mwenyewe?
Akaungua vidole!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana arusi, alikuwako Mzee Nyani, mpishi wa shughuli. Wali wake wa nazi ulinukia hadi ng'ambo ya mto. Lakini uzee ukaja, ukaanzia ulimini: akawa hatambui chumvi wala sukari.

Mkewe, Bi Nyani, akamwambia, "Mume wangu, pumzika sasa."

"Arusi moja tu, ya mwisho."

Arusi ikapita. "Mume wangu, pumzika."

"Moja tu, ya mwisho."

Ikapita na hiyo. "Mume wangu!"

"Bibi wewe, moja tu!"

Katika hiyo moja akatia sukari kwenye mchuzi wa kunde. Wageni wakala kwa adabu, huku wakitazamana. Hapo hata yeye akaona haya. Akaita watu, akamkabidhi upawa Digidigi, msichana aliyemfunza mwenyewe, akaapa mbele ya wote kwamba hatagusa tena chungu cha shughuli. Mzee Ndovu, mkubwa wa mji, akampa kiti cha kamba akae barazani apumzike. Vigelegele vikapigwa, na cha Bi Nyani kikawa kirefu kuliko vyote. Masikini, hakujua.

Kile kiti alikikalia? Alikikalia nusu asubuhi. Kisha akaingia jikoni kwa mkewe.

Siku ya kwanza: "Kitunguu hakikatwi hivyo."

Siku ya pili: "Moto huu ni wa kupikia au wa kuchomea nyumba?"

Siku ya tatu Bi Nyani akakuta vyungu vyote vimehamishwa, mwiko haujulikani uliko, na mume amesimama juu ya uji wa mjukuu, anaimba:

*Haujakolea, haujakolea,*
*mkono wa mwenyewe haujapita!*

Chumvi, pwaa!

"Baba Watoto, nenda kacheze bao!"

"Bao? Wanaocheza bao ni wazee."

Bi Nyani akajishika kiuno, akatazama juu, akatazama chini, akaenda kuutafuta mwiko wake.

Basi Mzee akaanza kutoka. Kila penye shughuli huvaa kanzu, akasema, "Naenda kupunga upepo." Mkewe akamshukuru Mungu. Lakini arusi ya Pundamilia, wali ukatoka chumvi tupu. Tohara ya wana wa Nyati, wali chumvi tupu. Digidigi akalia, "Nilitia kiasi! Nilionja!" Nani wa kumsadiki?

Mzee Ndovu akanguruma, "Binti, Ijumaa namwoza mwanangu. Wali ukiharibika tena, utarudisha upawa, na katika mji huu hutapika tena hata maji."

Na mama yake Digidigi, mgonjwa wa kitandani, alikuwa akila kwa upawa huo huo.

Siku hiyo Bi Nyani alikuwa anafua kanzu ya mumewe. Akatia mkono mfukoni, akatoa bonge la chumvi. Akakaa kitako pale pale kwenye maji ya sabuni.

"Mume wangu, nini hii?"

"Dawa ya meno."

"Meno yapi? Unayo mawili!"

Mzee akainamisha kichwa. "Mke wangu, nikipita karibu na chungu, mkono unakwenda wenyewe."

"Lakini Digidigi anakuwa keshatia chumvi!"

"Ametia yeye. Sijatia mimi."

Jamani! Mtu kama huyo unamwambia nini? Akaapa hatarudia, akaapa, akaapa. Bi Nyani akamsikiliza kama anayesikiliza mbu.

Ijumaa ikafika. Desturi mnaijua: bwana arusi akiingia kwa ngoma, hata wapishi huacha jiko wakakimbilia mlango wa mbele kushangilia. Wali unabaki uani, umepaliwa makaa juu ya mfuniko, hauna mlinzi. Ngoma ikasikika kwa mbali. Bi Nyani akatupa jicho kwenye mkeka wa wazee. Mumewe hayupo.

Afanyeje? Akimfuata peke yake, ataapa mara ya nne. Akinyamaza, Digidigi ameangamia. Akisema kwa mdomo tu, nani atamsadiki juu ya mzee mwenye heshima zake?

Akatoka mbio hadi kwa Kiboko, mpiga ngoma. "Shemeji, leo bwana arusi mpitishe uani."

"Uani? Kwenye masufuria?"

"Uani, nimesema! Piga ngoma, shemeji, maswali kesho!"

Ngoma ikageuka. Ndu! Ndu! Ndu! Bwana arusi mbele, Mzee Ndovu nyuma, mji mzima ukamiminika uani. Na pale katikati ya moshi alisimama Mzee Nyani, mfuniko na makaa yake mkono wa kushoto, konzi ya chumvi mkono wa kulia, macho ameyafumba kwa raha:

*Haujakolea, haujakolea...*

Ngoma ikanyamaza. Yeye akaendelea:

*mkono wa mwenyewe haujapita!*

Akafumbua macho. Digidigi alikuwa keshafika, kaudaka ule mkono wa kulia kwa juu, kaung'ang'ania. Chumvi ikawa inachuruzika chini, juu ya vidole vya miguu vya Mzee, watu wote wakiitazama.

"Nilikuwa... naangalia moto," akasema.

"Kwa konzi?" akauliza mkewe.

Hadithi yangu imeishia hapo uani, sijaiongeza hatua. Ukikabidhi upawa, kabidhi na mkono wake. Ikiwa tamu, ileni ingali moto. Ikiwa na chumvi nyingi, mimi jikoni sikuingia.