Nakiete na Hadithi ya Kwanza ya Kutisha

Sogeeni, niwaambie lililowapata waliotutangulia. Zamani hizo, kabla njia hazijakatwa mlimani kwetu, ilikuwa mwiko kutaja kitu cha kuogofya. Watu waliamini kwamba ukilitaja baya, umeliita. Kwa hiyo watoto walisimuliwa habari za mvua na mavuno tu, wakakua bila kujua kuwa msituni kuna chui.

Asubuhi moja Nakiete, mjane mwenye binti mmoja, aliona nyayo za chui kando ya kijito. Akazifuta kwa mguu, akanyamaza, kama alivyofundwa. Mchana binti yake, Namsifu, akaenda kuteka maji na mwenzake. Mwenzake alirudi peke yake, mbio, bila mtungi.

"Namsifu aliona paka mkubwa," alisema akitweta. "Akasema ni mzuri. Akamfuata ili ampapase."

Walichopata cha kuzika kilikuwa kidogo.

Matanga yalipokwisha, Nakiete hakulia tena mbele za watu. Siku moja, akipukuchua mahindi uani pamoja na watoto wa jirani, alianza kuwasimulia habari za chui: macho yake, hatua zake zisizo na kishindo, majani yanavyotikisika pasipo upepo. Mbonea, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa ameketi karibu, alisimama ghafla.

"Shemeji, nyamaza! Utamwita!"

"Nilinyamaza," Nakiete akamjibu, "na alikuja."

Mbonea akainamisha kichwa, akaketi.

Nakiete akaendelea. Watoto walishikana mikono, wakamsogelea, wadogo wakajificha kwenye nguo yake. Hadithini mlikuwa na msichana aliyeinama kuteka maji. Nyuma yake majani yakatikisika. Hapo Nakiete akanyamaza kitambo, na watoto hawakuthubutu hata kupumua. Kisha akasema: msichana aligeuka, akatupa mtungi, akakimbia, akafika kwao, mama yake akampokea.

Watoto wakaangua kicheko. "Tena, mama Namsifu! Tena!"

Akasimulia tena, na tena. Kila mara msichana alifika. Jua liliposhuka, kila mtoto akaenda kwao, na Nakiete akaingia ndani peke yake.

Na tangu siku hiyo watu hupenda hadithi za kutisha. Mioyo hutudunda, tukabanana, na zikiisha tunaomba zirudiwe. Ila msimulizi akinyamaza katikati, msimharakishe.