Muhuri Chini ya Kinara

Hapo zamani, nyinyi mlioketi hapa nisikilizeni, huko Marekani palikuwa na mji mdogo bondeni ambao watu wake waliishi kwa kutengeneza vinara vya mishumaa. Havikuwa vya fedha tupu. Fedha tupu ilikuwa ya matajiri. Ndani vilikuwa vya bati, nje vikavikwa ngozi nyembamba ya fedha, na mtu wa kawaida akiviweka mezani, nyumba yake nayo inang'ara.

Karakana moja ilikuwa ya mjane, Bi Hulda. Mumewe alipofariki, wateja walianza kumkimbia. "Mwanamke ataongoza mafundi?" walisema. Wakabaki naye mafundi watatu tu: Mzee Ezra mchonga maumbo, Tabitha mmimina madini, na Obadia mvisha fedha.

Majira ya baridi yakaingia. Wazee wa kanisa la mji wa jirani wakaja kutafuta vinara viwili vya madhabahuni, wavipate kabla ya Krismasi. Bi Hulda akawaita mafundi wake, hakuwaficha kitu. "Jamani, hii ndiyo kazi pekee tuliyo nayo. Wakivikataa vinara, nafunga mlango. Na theluji hii, sijui mtakwenda wapi."

Wale wazee walikuwa wagumu. Kila mchoro walioonyeshwa waliusukuma kando. "Hivi tumeviona kila nyumba," walisema. Basi Mzee Ezra akaenda shambani, akang'oa bua la muhindi lililosahaulika wakati wa mavuno. Akachonga mti kwa mfano wake: shina jembamba, majani yakilikumbatia, na juu gunzi lililofunguka kupokea mshumaa. Mkubwa wa wale wazee, Bwana Josia, alipouona akavua kofia. "Vinara vikitoka hivi hivi, tutavichukua."

Habari ikaenea. Akaja mtu wa kiwanda kikubwa cha mjini. "Mzee, njoo kwetu na muhindi wako. Tutakupa nyumba yenye joto." Kifua cha Ezra kilikuwa kinamsumbua kwa baridi, lakini akajibu, "Nimeshamwahidi mjane."

Zamu ya Tabitha ikafika. Akayeyusha madini, akamimina kwenye kalibu, chombo cha vipande viwili chenye umbo la mti wa Ezra ndani yake, kinara kikatoka na majani yaliyokatika ncha. Akayeyusha tena, akamimina tena, yakakatika tena.

"Mzee, yapunguze majani," akasema.

"Nikiyapunguza, huo si muhindi tena. Ni fimbo."

Tabitha akanuna. Kisha akafikiri: madini yanapoa kabla ya kufika nchani, kwa sababu kalibu ni baridi. Akaipasha moto kwanza, ndipo akamimina. Ghafla vibanio vilivyoshika vile vipande viwili vikaachia, na kalibu ikaanza kufunguka, madini ya moto yamo ndani. Angeruka nyuma, kalibu ingevunjika na kazi ingeharibika. Hakuruka. Aliibana kwa mikono yake miwili, glavu zikaungua, ngozi ikaungua, mpaka madini yakaganda. Kinara kikatoka na kila jani lake. Cha pili akakimimina mikono ikiwa imefungwa vitambaa.

Ikabaki kazi ya Obadia. Yeye aliviweka vinara ndani ya maji ya dawa, pembeni akaning'iniza kipande cha fedha. Akipitisha umeme, fedha ile huliwa kidogo kidogo na kuhamia juu ya kinara. Lakini fedha yenyewe iko wapi? Ilikuwa ndani ya treni, na treni imekwama kwenye theluji.

Obadia akaenda kwake, akarudi na vijiko vya fedha.

"Obadia," Bi Hulda akashtuka, "hivyo si vya marehemu mama yako?"

"Ndivyo, Mama. Sina kingine chake."

"Basi usifanye hivyo, mwanangu."

"Vinakwenda kanisani. Mwenyewe angevipeleka."

Akavining'iniza majini, akakaa akivitazama vikikonda, vikikonda, mpaka vikabaki vijiti. Vinara vikawa vyeupe kama mwezi.

Wazee wakaja. Bwana Josia akavishika, akavigonga kwa ukucha, akapitisha kidole kwenye kila jani.

"Vinafaa," akasema. "Vinafaa sana. Na mwakani tutataka vingine."

Bi Hulda aliketi juu ya sanduku, akalia na kucheka kwa pamoja. Tabitha alitaka kupiga makofi, akaikumbuka mikono yake, akapiga miguu sakafuni badala yake, na wote wakaangua kicheko. Hata Bwana Josia.

Kisha akakigeuza kinara juu chini. "Mbona hakina muhuri? Muhuri ni jina la mtu atakayejibu kikiharibika. Weka jina lako, Bi Hulda."

"Mimi sikukigusa."

"La marehemu mumeo?"

"Marehemu atajibuje? Nitaweka la aliyekitengeneza. Na hapo panatosha jina moja tu."

Ezra akasema, "Bila umbo langu, kazi hii isingekuja mlangoni. Nami niliacha nyumba yenye joto."

Tabitha akasema, "Umbo lako lilikuwa mti, Mzee. Mti haubebi mshumaa. Mimi nililigeuza kinara, na tazama viganja vyangu."

Obadia akasema, "Dada, bila fedha kinara hicho kingekuwa bati tu. Macho ya watu yatamwona mama yangu, na mimi sina tena hata kijiko chake."

"Fedha itaisha kwa kusuguliwa," Tabitha akamjibu. "Watakapofika chini yake, watanikuta mimi."

"Na umbo je?" Ezra akauliza. "Litasuguliwa na nani?"

Walisema hayo wakitabasamu, kwa kuwa mlango wa karakana ulikuwa wazi na tanuri linawaka. Lakini kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alilitaka jina lake pale. Bi Hulda ameshika nyundo, anawatazama.

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu, msinitazame mimi. Mchongaji, mmiminaji, mvisha fedha: je, nani alistahili jina lake ligongwe chini ya kinara?