Bima ya Mume wa Mwalimu Bosibori

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, za juzi tu, Mwalimu Bosibori, mstaafu ambaye hakuwahi kuolewa wala kujuta, aliingia benki ya mji wa chai akaketi mbele ya meneja.

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Madam, hii ni benki."

"Najua. Miaka mitatu mnanikata bima ya mazishi ya mume. Mtoeni basi twende naye, mahindi yanangoja jembe."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kisha kila mtu akaitisha taarifa ya akaunti yake, kicheko kikakatika. Wachuma chai elfu mbili walikatwa bima wasizoomba. Hata padri alikuwa na mke!

Kesi ikaenda, benki ikashindwa, kila mtu akarudishiwa chake. Mji ukachinja ng'ombe wawili. Mwalimu akaezeka nyumba bati jipya. Raha tupu.

"Benki imeomba radhi," jaji akamwambia.

"Benki? Miaka thelathini nimefundisha, sijaona darasa likiiba kalamu. Huiba mtoto, na ana jina."

Jaji akacheka. "Haya, andika jina. Huyo hatafanya kazi ya benki tena maishani. Ila sheria inanipa mmoja tu."

Wakaletwa watatu.

Ondieki, keshia, mwanafunzi wake wa zamani: "Mwalimu, mkono uliotia alama ya bima kwenye fomu zenu ni huu. Ni bima arobaini kwa siku, ama kibarua kiote nyasi. Lakini ushahidi alikuletea nani? Si mimi?"

"Baada ya miaka mitatu, Ondieki."

"Baada ya miaka mitatu, Mwalimu."

Makori, meneja: "Nilisema uzeni. Nani alinisikia nikisema ibeni? Hiyo arobaini ilitoka juu. Mimi ni bomba, maji yalipita tu."

Madam Nzisa, mkurugenzi kutoka Nairobi: "Honestly, mimi hata sijawahi kufika huku. Niliona grafu ya mauzo ya bima inapanda, nikawatumia keki. Tangu lini keki ikawa kosa?"

"Hukujiuliza kamji haka kametoa wapi waume wote hao?"

"Grafu ikipanda, Mwalimu, nani huuliza?"

Mwalimu akatoa kalamu yake nyekundu, ile ya kusahihishia. Mbele yake mkono ulioiba kisha ukafichua, mdomo ulioagiza bila kutamka, na macho yaliyoona yakapongeza.

Haya, nyinyi mliokula nyama ya ng'ombe wale, msininyamazie sasa. Je, ni nani aliyestahili wino ule mwekundu?